Samaki wa Jino la Kwanza

Kwangu, mjukuu aking'oka jino la kwanza anapewa mbuzi. Simaanishi mbuzi wa kuchomwa. Namaanisha mtamba, jike ambaye hajazaa, aliye hai, mwenye afya, ambaye kuanzia siku hiyo ni wa huyo mtoto, na hata mimi nikitaka kumuuza lazima nimwombe mwenyewe ruhusa, hata kama mwenyewe bado anakojoa kitandani.

Sheria hii sikuitoa kwa kitabu. Shule niliiacha darasa la tatu na sikuiacha kwa machozi. Lakini jino langu la kwanza lilipong'oka, huko Olenguruone, nyanya yangu alinishika mkono akanipeleka zizini, akasimama kando, akaniambia nichague. Nilichagua mbuzi mweusi mwenye sikio moja lililolala. Yule mbuzi alizaa, watoto wake wakazaa, nikauza wengine nikanunua msumeno, nikaanza kupasua mbao Elburgon, na leo mtu akipita Nakuru akaona yadi yangu ya mbao, ajue anatazama ukoo wa yule mbuzi. Wenye digrii huniuliza mtaji nilipata wapi. Nawaambia ulinidondoka mdomoni.

Sasa naishi Kiamunyi, kwa nyumba ya mawe, lakini mbuzi wako shambani Olenguruone, na kila Desemba wajukuu wote wanapandishwa huko. Wanaingia zizini wanasimama kwa mstari, mkubwa mbele, mdogo nyuma, kila mmoja kando ya mbuzi wake. Mimi napita nikiuliza, "Wako ni nani?" Mtoto anajibu, "Ni huyu." Namuuliza, "Amekuletea nini?" Anasema amezaa, au bado, au alizaa mtoto akafa. Hakuna kuhesabu mifugo kwa kidole, hiyo kwetu ni kuitakia mabaya. Mtoto ambaye hajang'oka jino anangoja nje ya ua na akina mama, na nimewaona wakilia huko nje wakitingisha meno yao kwa vidole ili yatoke haraka.

Nieleze pia sheria moja nyingine, kwa sababu ilikuja kunishika koo. Mnyama akishatolewa, akafa kwa kosa la aliyemtoa, huyo aliyemtoa analipa. Na halipi mtamba kwa mtamba. Analipa mwenye mimba, kwa sababu ya machozi.

Binti yangu kitinda mimba ni mwalimu, na anaishi kwangu na watoto wake wawili, msichana wa miaka sita na kijana wa miaka mitatu. Msichana aling'oka jino likizo ya Aprili, ndani ya chapati ya Shosho yake, mke wangu. Hakulia. Alilitoa kwenye chapati, akalipangusa kwa nguo, akaja nalo sebuleni akaniwekea mimi babu yake juu ya gazeti nilikokuwa natazama picha.

"Guka, twende."

Wiki hiyo hiyo nikampeleka. Alizunguka zizi kama mnunuzi wa siku nyingi, akakataa wawili niliowapenda mimi, akachagua mmoja wa kahawia mwenye miguu myeupe kama aliyevaa soksi za shule. Akamkumbatia shingo. Nilifurahi, nikasema huyu ana jicho langu. Tulipofika langoni alikuwa anapumua kama msumeno butu kwenye mti mbichi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Sikumbuki niliendeshaje mpaka kwa zahanati.

Daktari wa Nakuru, tulipompeleka kesho yake, alisema ni pumu, na kinachoiamsha ni manyoya. Mbuzi hapana. Paka hapana. Sungura hapana.

"Na kuku?" nikamuuliza.

"Hata kuku, mzee."

"Kuku ana mabawa."

"Mzee, hata kuku."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mtoto alikaa na kidude alichopewa cha kuvutia dawa mkononi. Karibu tufike akasema, bila kunitazama, "Kwa hivyo Desemba nitasimama nje na mama?"

Mimi nimeulizwa maswali na watu wa kodi. Nimeulizwa maswali na meneja wa benki aliyevaa tai ya hariri. Hilo la mtoto nililijibu kwa kubadilisha gia.

Ni mama yake aliyeleta wazo, tukinywa chai. "Baba, kuna mnyama hana manyoya."

"Nyoka," nikasema.

"Samaki. Watu wanafuga samaki ndani ya kioo. Wanafunzi wangu wawili wanao nyumbani."

Shosho alicheka mpaka akaweka chupa ya chai chini, kwa sababu ananijua. Mimi ni mtu wa milimani. Mama yangu alishikilia mpaka kufa kwake kwamba samaki ni ndugu ya nyoka aliyekatwa, na hakuruhusu sufuria yake ipikiwe kitu cha namna hiyo. Mpaka leo sijaweka samaki mdomoni. Na sasa nilikuwa naambiwa nimtoe kama mbuzi.

"Mnyama wa jino anazaa," nikasema. "Anajulikana mwenyewe. Anakua. Samaki anakufanyia nini? Anakutazama tu."

"Na mbuzi wako wanakufanyia nini zaidi ya hilo?" Shosho akauliza.

Mtoto alikuwa chini ya meza akisikiliza yote. Nikaona viatu vyake. Nikasema sawa, lakini kama ni samaki, basi atanunuliwa vile mnyama hununuliwa, kwenye asili yake, hai, nikimshika mwenyewe. Siendi kununua mfugo dukani kama sabuni.

Basi Jumamosi tukaenda Kamere, kule kando ya ziwa Naivasha wavuvi wanakotia nanga, mimi na yeye, na pipa la plastiki la lita mia kwenye pikapu. Mama mmoja alikuwa anauza samaki chini ya mwavuli, mikono yake imejaa magamba mpaka kiwiko.

"Karibu mzee. Unataka wa kukaanga ama wa mchuzi?"

"Nataka wa kuishi."

"Wa kuishi na nani?"

"Na huyu msichana."

Akaweka kisu chini. Akawaita wenzake kwa lugha yao, na sikuhitaji mkalimani kujua walichoambiwa. Wakaja watano. Nikawaambia ninachotaka bila aibu: jike, mchanga, ambaye hajazaa, mwenye macho safi na mdomo mzuri, na atembezwe kwanza nimwone mwendo.

"Atembezwe," yule mama akasema polepole, kama anaonja neno.

"Ndani ya maji. Mimi si mjinga."

Wakanitolea mmoja mkubwa kutoka wavuni, wa magamba makubwa kama sarafu, wakamtia kwa beseni. Nikainama nikamfungua mdomo nitazame meno. Hakuwa na meno. Kwa mbuzi hiyo maana yake ni mzee wa kuuzwa, na nikasema wananiuzia kikongwe. Wale wamama walishikana mabega. Mmoja aliketi mchangani kabisa. Yule mwenye mwavuli akafuta machozi kwa nyuma ya mkono akaniambia, "Mzee wangu, meno yake yako kooni. Mnyama huyu hatafuni kama wewe. Lakini nikuambie ukweli, huyu ni mkubwa kwa mtoto. Nenda mjini, kuna vidogo vya urembo."

Sikusikiliza. Mtu aliyenicheka hawezi kunishauri siku hiyo hiyo. Tukaondoka na samaki wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko.

Pale Kiamunyi nina bafu la kulala, la kizungu, nililoweka nilipojenga ili nijue nimefika. Hakuna mtu amewahi kulala ndani yake. Shosho huweka humo magunia ya maharagwe. Tukatoa maharagwe tukatia samaki. Alizunguka mara moja, akapiga mkia, akalowesha ukuta mpaka darini, na kijana wa miaka mitatu akapiga nduru ambayo nadhani waliisikia Kabarak. Msichana alisimama mlangoni akimtazama, na yule samaki naye akamtazama, jicho moja tu, kwa upande.

"Guka," akasema kwa adabu sana, "huyu sijamchagua mimi. Umemchagua wewe."

Na kweli. Kule ziwani nilisahau kusimama kando.

Kesho yake jirani yetu, mama kutoka magharibi ambaye mumewe ni fundi wa mitambo, alikuja kuomba ngazi, akaingia kunawa mikono, akatoka amebadilika sura. Akauliza mzee amepata wapi kitu kizuri hivyo. Tukampa. Aliondoka nacho kwa beseni, ngazi akasahau, na jioni akatuletea bakuli. Shosho alikula. Binti yangu alikula. Mimi nilikunywa uji.

Ndipo nikakubali duka. Liko mjini, ghorofa ya pili, na ukiingia unasikia maji yanabubujika kila upande kama umeingia tumboni mwa mtu. Mwenye kuhudumu alikuwa msichana mwenye nywele za rangi ya zambarau, na nilijiandaa kumdharau.

"Sasa mrembo," akamwambia mjukuu wangu. Kisha akaniambia mimi: "Mzee, karibu. Mnatafuta nini?"

"Ni yeye anatafuta," nikasema, nikasimama kando, mikono nyuma. Mara hii nilisimama kando hata kama miguu ilikuwa inawasha.

Msichana wa zambarau alimchukulia mtoto kwa uzito. Alimwonyesha kobe wa maji, akamwambia ukweli kwamba kobe huuma, hukua kama sahani, na maji yake hunuka. Alimwonyesha mdudu wa maji mwenye makoleo, ambaye akilala na wenzake asubuhi unakuta wenzake hawapo. Akamuuliza kama ana ndugu mdogo. Akamwambia basi tangi liwekwe juu, lisifikiwe, na mkono wa mtoto usiingie bila kunawa, kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya mtoto pia. Akamwonyesha chakula, kidogo sana, kile kinachoisha kabla hujahesabu hamsini. Maji ya mfereji yakae ndooni siku nzima kwanza, dawa yake itoke. Nilisikiliza yote hayo. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilisikiliza.

Mtoto alichagua mmoja wa rangi ya chungwa, mnene, mwenye mkia kama kitambaa kilichochanika. Tukarudi naye kwa mfuko wa plastiki uliojaa hewa, na nikatengeneza meza ya mbao ya mvule, miguu minne imara, kwa sababu hakuna mfugo wangu utakaa juu ya meza ya kununua.

Kwa wiki tatu nilikuwa mtu wa kuchekwa. Asubuhi mtoto anakuja kabla ya shule, anasimama mbele ya kioo, anamwambia samaki habari zote za darasa la kwanza. Halafu ananigeukia. "Guka, msalimie." Na mimi, mwenye wafanyakazi kumi na wanne, nasalimia samaki. Lakini nilikuwa naona kitu wengine hawakioni. Yule mnyama alikuwa mnyonge. Alikuwa anakaa pembeni, anafungua mdomo na kufunga, kama ng'ombe anayelamba ukuta. Na kila mfugaji anajua ng'ombe anayelamba ukuta anataka nini.

Alikuwa hajapewa chumvi.

Nilishangaa hata sikuwaza mapema. Nimefuga tangu nikiwa na pengo la jino, na sijawahi kuweka mnyama bila chumvi. Nikaenda stoo, nikavunja kipande cha lile jiwe jekundu la kulambwa na ng'ombe, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, si zaidi, nikakitia pale pembeni anapopenda kukaa, alambe akitaka. Maji yakaanza kuwa mekundu kidogo. Nikasema hiyo ndiyo nguvu yenyewe inatoka. Nikaenda yadi nikiwa na furaha.

Niliporudi saa saba, samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji, na Shosho alikuwa ameketi mbele ya tangi na mikono mapajani.

"Ulimpa nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

Nikamwambia. Hakunicheka, na hapo nikajua ni mbaya. Akasema mtoto anatoka shule saa tisa, na yeye hatamwambia, na mama yake hatamwambia.

Nilifikiria kukimbia mjini kununua mwingine wa rangi hiyo hiyo. Nimesikia watu hufanya hivyo. Lakini mtoto aliyechagua mbuzi mmoja kati ya zizi zima hadanganyiki, na mimi sijawahi kuuza mti laini nikisema ni mgumu. Nilimngoja kwenye kiti cha mlangoni. Alipokuja nilimwambia kama nilivyofanya, chumvi, jiwe, kidole gumba, yote.

Alienda akatazama. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti imesimama.

"Guka, amekufa kwa nani?"

"Kwangu."

"Ni wewe ulinipa?"

"Ni mimi."

"Basi unanilipa," akasema. "Mwenye mimba."

Nilimfundisha sheria hiyo mwenyewe, akiwa amekaa gotini kwangu, akiwa na miaka minne. Sikudhani alikuwa anasikiliza.

Tulimzika samaki chini ya mti wa parachichi. Kijana mdogo aliuliza kama samaki naye atakuwa parachichi.

Kesho yake nilipanda tena ile ghorofa peke yangu, nikavua kofia.

"Nataka samaki mwenye mimba."

Yule msichana wa zambarau akauliza yule wa chungwa anaendeleaje. Nikamwambia. Akafunga macho kidogo. "Mzee wangu. Lile jiwe la ng'ombe lina madini ndani, kuna shaba. Shaba kwa samaki ni sumu."

"Sasa najua."

"Na alikuwa anafungua mdomo kwa sababu anapumua. Ndivyo wanapumua."

"Hilo pia sasa najua."

Nilidhani atasema zaidi, lakini aliniangalia kofia mkononi akaacha. Akaniambia wale wa rangi ya chungwa hutaga mayai, na si rahisi kwa kioo cha nyumbani. Lakini kuna wadogo wanaoitwa gapi, wadogo kama ukucha na mkia, na hao hawatagi. Wanazaa. Watoto wanatoka wakiogelea.

"Wanazaa kama mbuzi?"

"Kushinda mbuzi, mzee. Kila mwezi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikavuta kiti.

Akanitajia kwamba jike mwenye mimba ana doa jeusi karibu na mkia. Sikuhitaji doa. Nilitazama lile tangi dakika mbili, nikamwonyesha matumbo matatu, hili, hili, na yule anayejificha nyuma ya jani, huyo ni wa wiki hii. Akasogea karibu na kioo, akatazama, akaniangalia tena. "Umejuaje huyo wa nyuma?"

"Tumbo limekuwa la mraba."

"Mimi ilinichukua mwaka kujua hiyo."

Kuna sifa mtu hupewa mara moja akiwa na miaka yangu, na ni vizuri kuikunja vizuri na kuiweka mfukoni. Nilirudi na wale watatu na dume mmoja mwenye mkia kama tausi, ambaye kazi yake mtoto aliiuliza mezani wakati wa chakula na mama yake akamwambia ale.

Wa nyuma ya jani alizaa siku ya nne. Vitoto vilikuwa kama alama za kalamu. Mtoto alipiga kelele ya furaha, na kabla haijaisha mama wa vitoto akageuka akameza kimoja.

Nyumba nzima ilinitazama mimi, kana kwamba niliweka chumvi tena.

Binti yangu alisoma kwenye simu kwamba ndivyo walivyo, hula watoto wao wasipopata pa kujificha. Hilo nalielewa. Hata nguruwe wa namna hiyo wapo, na dawa yake ni ua. Nilienda yadi, nikachonga fremu ndogo ya mbao, nikafunga wavu wa plastiki, matundu ya kupita mtoto lakini mama asipite. Nimejenga makanisa paa zake, nimejenga nyumba za watu wakubwa, na sijawahi kushusha kitu polepole kama nilivyoshusha lile ua la samaki ndani ya maji. Vitoto vikapita. Mama akabaki nje akibisha kwa pua.

"Amefungiwa," mtoto akasema kwa kuridhika.

Ikafika Desemba. Nilikuwa na mpango kwamba tutawaambia binamu zake habari za samaki kwa mdomo, na hiyo inatosha. Mtoto aliuliza kama wao huleta mbuzi wao kwa mdomo. Basi tukachota majike wawili na vitoto kadhaa tukavitia kwenye mtungi wa kioo wa asali. Ile nembo yangu nyekundu ninayopiga kwenye mbao, mtoto aliniamuru niipige kwenye mtungi, kwa kuwa samaki hana sikio la kukata alama.

Shida ni baridi. Msichana wa zambarau alisema gapi ni wa joto, na Olenguruone asubuhi ya Desemba hata chai inaganda ukizubaa. Kwa hivyo nilivua koti langu zito, lile la kijeshi, tukafunga mtungi ndani, na mtoto akaukumbatia kati yetu kwenye pikapu. Mama yake na mdogo wake walikuwa nyuma yetu kwa gari la Shosho. Nikaendesha kupanda Mau na shati tu. Tulipopita Molo sikuwa nahisi masikio.

Kwenye kizuizi, askari aliona vile vyuma vya kubebea mbuzi nyuma ya pikapu.

"Mzee, habari. Umebeba mifugo?"

"Hapana," nikasema.

"Ndiyo," mtoto akasema.

Askari akainama dirishani. "Ni ipi sasa?"

Mtoto akafungua koti. Askari akatazama mtungi, akanitazama mimi natetemeka na shati, akatazama mtungi tena. "Na kibali cha kusafirisha mifugo?"

"Ni ya jino," mtoto akamweleza, akafungua mdomo amwonyeshe. Jino jipya lilikuwa limeshatoka nusu, lakini kulikuwa na mapengo mengine mawili ya ushahidi.

"Endeni," askari akasema. "Endeni tu."

Tulifika. Wajukuu wote walikuwa wameshaingia zizini, wamejipanga, kila mmoja ameshika mbuzi wake, na wananingoja. Mtoto akashuka na mtungi ndani ya koti langu, akatembea mpaka langoni mwa zizi, akasimama. Hakuingia.

Hapo ndipo niliona upumbavu wangu. Miezi minane nimefikiria samaki, nimefikiria chumvi na mimba na ua na baridi, na sikufikiria hata mara moja kwamba zizi lenyewe ni manyoya. Nimempa mnyama wake, na bado alikuwa amesimama pale pale alipoogopa kusimama, nje, na mama yake anakuja nyuma na kile kidude cha dawa mfukoni. Aligeuka akanitazama. Alikuwa ananisubiri nibadilishe gia.

"Tokeni," nikawaambia waliokuwa ndani.

Mjukuu wangu mkubwa, kijana wa miaka kumi na mitatu ambaye sauti yake imeanza kuvunjika, akasema, "Guka, lakini mstari huwa ndani."

"Mwaka huu uko nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Mbuzi wabaki, watu watoke. Simameni huku upepo unakotoka, tena mbali na ua. Kila mtu amwonyeshe wake kutoka hapa. Kama humjui mbuzi wako kutoka hapa, si wako."

Wakatoka wakinung'unika. Niliwafanya wakung'ute nguo na kunawa mikono kwenye mfereji kwanza. Wakapanga mstari kwenye nyasi, mkubwa mbele, na msichana wangu akaenda nafasi yake ya mwisho bila kuonyeshwa. Nikapita. Wako ni nani, amekuletea nini. Wawili walionyesha mbuzi mmoja wakagombana. Mkubwa alisema wake amezaa mmoja.

Nikafika mwisho. "Wako ni nani?"

Akafungua koti. "Ni hawa."

Mkubwa akacheka. "Hizo si mali. Utakamua nini hapo?"

"Wako amezaa mara ngapi tangu Aprili?" akamuuliza.

"Mara moja."

"Amezaa mmoja?"

"Eeh."

"Wangu walizaa juzi, na mwezi mwingine, na mwezi mwingine. Ningekuambia ni wangapi lakini Guka amekataza kuhesabu."

Mstari wote ulivunjika. Walikuja wakamzunguka, pua zote kwenye kioo, na ikabidi niwapigie kelele wasiupumulie mtungi. Kabla ya nyama kuiva mkubwa alikuwa amejaribu kubadilishana mbuzi wake na samaki watatu. Akaambiwa mbuzi wake ana miguu mibaya. Ni kweli, ana miguu mibaya, nilimwambia hivyo siku anamchagua.

Jioni tukaanza kurudi. Nilikuwa bado na shati tu. Nilipiga gari moto nikaanza kuteremka kama ninavyoteremka siku zote, na nimeteremka barabara hiyo na lori la mbao kabla hata haijawekwa lami, na hakuna binadamu amewahi kuniambia namna ya kuendesha, hata Shosho.

"Guka," mtoto akasema kutoka kwenye koti.

"Nini?"

"Polepole. Kuna wenye mimba."

Nikapunguza. Nyuma yangu lori la viazi likanipigia honi mpaka Molo, na sikuongeza.